Mkono wa Shekue Ukutani

— Hadithi yangu iko mlangoni. Niifungulie?
— Ifungulie, iingie!
— Ikiingia itakaa wapi?
— Masikioni mwetu!
— Na huyo anayepiga miayo?
— Tutamfinya!

Haya, mfinyeni taratibu, nami nianze.

Zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, watu na wanyama walikuwa wakizungumza kama majirani. Waliambiana ukweli, na waliambiana uongo pia. Wakati huo palikuwa na kijiji kilimani, na nyumba zake zote zilikuwa za fito na udongo.

Nyumba ya udongo, wanangu, haiachwi ikajiendea. Kila mwaka baada ya mavuno, wanawake wa kijiji hicho walishuka bondeni wakachimba udongo. Waliuponda kwa miguu, wakauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakazikandika upya kuta za nje, kuanzia chini kwenye msingi hadi juu kwenye upenu. Ukishakauka wakapaka udongo mweupe. Ukisimama ng'ambo ya bonde uliziona nyumba zinang'aa kilimani, ukajua hii ya fulani na ile ya fulani.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mtu akitaka kusafiri mbali, udongo mbichi hupakwa kando ya mlango wake, naye hubandika kiganja pale, alama ikabaki. Mwaka ukifika, ukuta hukandikwa wote, na alama ile hufunikwa. Watu husema msafiri yumo ndani ya ukuta, anaishikilia nyumba. Akirudi hubandika kiganja kingine, na vigelegele vinapigwa.

Basi alikuwapo mwanamke mmoja, jina lake Sikudhani, na mumewe aliitwa Shekue. Walikuwa wameoana juzijuzi. Bado walikuwa wanachekeana hata mmoja akimwomba mwenzake kata ya maji.

Mwaka ule chumvi ikaisha nyumbani. Shekue akasema atakwenda nchi ya chumvi, arudi na mzigo. Sikudhani akapaka udongo kando ya mlango, Shekue akabandika kiganja chake cha kulia, akakikandamiza hasa.

"Nikichelewa usilie," akasema. "Nitakapofika ng'ambo ya bonde nitaiangalia nyumba yetu, nami nitajua kama umo."

Akaenda zake. Sikudhani akasimama pale hadi njia ikabaki tupu.

Tangu siku hiyo, kila akitoka na kila akiingia, alikuwa akiweka kiganja chake juu ya kile cha ukutani. Kilikuwa kikubwa kuliko chake, vidole vyake vikapwaya mle ndani. Alikuwa anamtamani mumewe mpaka chakula anakiacha chunguni. Naye akiona hivyo huimba:

*Mkono wa Shekue, kaa hapo ulipo,*
*Mvua isikuguse, jua lisikutafune,*
*Mwenyewe yu njiani.*

Imbeni na nyinyi kidogo, msiniachie peke yangu. Haya, vizuri.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na wapangaji. Juu, chini ya upenu, alikaa Mbayuwayu. Huyu alikuwa akija na mvua, anajenga kiota chake kwa matope, analea watoto, kisha kiangazi kikiingia anaruka kwenda nchi nyingine. Chini, ndani ya ardhi chini ya baraza, walikaa mchwa na malkia wao. Mimi mchwa simpendi, nasema mapema msije mkaniuliza.

Mchwa alikuwa na shida moja. Zile fito za ukutani alizitamani sana, lakini ukuta uliokandikwa kwa majivu na kinyesi cha ng'ombe humwasha mdomo. Kila mwaka alikuwa akipanda, anaonja, anarudi chini ana njaa. Alipomsikia Sikudhani akiimba akajua amepata pa kupitia.

Mavuno yakaisha, wanawake wakaja na vikapu vya udongo kumsaidia Sikudhani. Wakakandika nyuma, wakakandika ubavuni, wakafika mbele. Sikudhani akapiga magoti kando ya mlango, bonge la udongo mkononi. Hapo akasikia sauti nyembamba kutoka ukutani.

"Binti yangu Sikudhani," ilisema sauti, "hivi kweli unataka kumfuta mumeo?"

Alikuwa ni Malkia wa Mchwa. Akamwambia kwamba mtu hana kingine alichobakiwa nacho ila ile alama. Akifunika vile vidole leo, kesho atasahau na sura. Akamshauri aache pale tu, padogo, upana wa ungo. Kwani ungo una nini?

Sikudhani akauweka chini udongo. Wenzake wakamwambia ukuta haukandikwi nusu, kwa sababu udongo mpya na wa zamani haushikani, na pale unapokutana ndipo maji yanapoingia. Akawajibu kwamba ukuta ni wake na mume ni wake. Wakanawa mikono.

Masika yakaja, na Mbayuwayu akaja nayo. Akauona ule ungo usiopakwa, na ufa mwembamba umeuzunguka.

"Mwenzangu," akamwambia Sikudhani, "mimi kiota changu nakikandika upya kila nikija, ingawa watoto waliolala humo nawapenda. Udongo ukikauka unakufa, unataka mwingine juu yake. Funika ule ufa."

Sikudhani akasema wewe ni ndege, hujui habari za mume. Mbayuwayu akasema sawa, akaendelea na kazi yake.

Shekue hakurudi mwaka ule. Huko njiani mto ulikuwa umefurika, akaugua, akalala kwa watu. Sikudhani hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba kitanda ni kipana na kwamba jioni zimekuwa ndefu kuliko zamani.

Mavuno ya pili, wanawake wakaja tena na vikapu. Malkia wa Mchwa akasema, safari hii kwa huzuni kabisa, kwamba udongo mbichi ukipakwa ukutani hutiririka, na ukitiririka utaingia ndani ya vidole vya Shekue. Bora auache ukuta wote wa mbele. Nyuma na ubavuni wapake wapendavyo.

Sikudhani akauacha ukuta wote wa mbele. Akaimba:

*Mkono wa Shekue, kaa hapo ulipo,*
*Mvua isikuguse, jua lisikutafune,*
*Mwenyewe yu njiani.*

Ndani ya ukuta mchwa wakaitika wimbo huku wanatafuna. Tena waliitika vizuri, kwa sauti ya pili.

Masika yakaja. Mvua ikaulamba ule ukuta, weupe ukatoka, wekundu ukatoka, fito zikaanza kuonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mbayuwayu akamwambia, "Nimelala kwenye upenu huu nikasikia meno ukutani. Mwenzangu, unalisha wageni." Sikudhani akamwambia kama makelele yanamsumbua, mapaa ya watu ni mengi.

Mavuno ya tatu, wanawake walikuja mikono mitupu, kuangalia tu kama wataitwa. Malkia wa Mchwa akasema sasa hata uwanja usifagiwe. Vumbi la ufagio linaparuza alama. Na nyasi ziachwe ziote mbele ya mlango, zitaukinga mkono na mvua ya upepo.

Jamani, hata nyasi! Na Sikudhani akakubali. Msimcheke. Mwenye hamu ya mtu hukubali lolote analoambiwa, mradi liwe na jina la yule mtu ndani yake.

Akawafukuza wenzake uwanjani. Manyunyu ya vuli yakapita, nyasi zikaota, zikafika magotini, zikafika kiunoni, zikafika kifuani. Ule mfereji wa kupokea maji ya paa ukajaa taka. Baraza likapasuka. Naye kila siku alipenya kwenye nyasi, akautafuta ule mkono kwa kupapasa, akauimbia.

Katikati ya kiangazi kilichofuata, Mbayuwayu akiwa ameshaondoka, Shekue akafika ng'ambo ya bonde.

Ndiyo, alifika. Mzigo wa chumvi begani, na miguu imepasuka. Akasimama akaangalia kilimani. Akaona nyumba nyeupe, na nyingine nyeupe, na nyingine nyeupe. Pale penye yake akaona kitu cha rangi ya kichuguu kimezama nyasini. Akajiambia labda ni jua la mchana. Akashuka, akavuka, akapanda.

Alipofika alizipasua nyasi kwa fimbo. Alama yake hakuiona, kwa maana nyasi zilikuwa zimeuegemea ukuta. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga hodi mara ya pili. Kimya. Sikudhani alikuwa mtoni anafua. Uwanjani palikuwa na kuku mmoja tu, naye alikuwa ameanguliwa baada ya Shekue kuondoka, kwa hiyo alimtazama kwa jicho moja akaendelea kuparua.

Akapiga hodi mara ya tatu, na sauti nyembamba ikajibu kutoka ndani.

"Unamtaka nani?"

"Namtaka Sikudhani, mke wangu."

"Huyo alihama zamani," ikasema sauti. "Alichoka kungoja. Huioni nyumba?"

Shekue akaiangalia nyumba. Akazitazama fito, akalitazama baraza lililopasuka, akazitazama nyasi mlangoni. Ukuta ule ungekuwa mweupe, angemcheka huyo msemaji, akakaa barazani akangoja. Lakini kila alichokiona kilikuwa kinasema maneno yaleyale ya mchwa. Akaona haya kwenda kwa majirani kuuliza habari za mke aliyemkimbia. Wanaume mnawajua. Akainua mzigo wake, akarudi alikotoka.

Sikudhani akarejea kutoka mtoni na ndoo kichwani. Akaona nyasi zimekanyagwa hadi mlangoni. Akawatukana mbuzi wa jirani, akaingia ndani kupika.

Masika yakaja, na Mbayuwayu akaja nayo. Akauzunguka upenu, akashika hapa pakamomonyoka, akashika pale pakamomonyoka. Hapakuwa na mahali pa kubandika tope. Akamuaga Sikudhani kwa heshima, akaenda kujenga nyumba ya jirani. Siku ile Sikudhani alilia, kwa sababu alikuwa amezoea kuwasikia wale watoto wa ndege asubuhi.

Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Adhuhuri moja Sikudhani yuko jikoni kwake uani, akasikia mlio. Ukuta wote wa mbele ukalala uwanjani.

Akatoka mbio. Akatia mikono miwili kwenye tope anautafuta ule mkono. Akashika bonge, si wenyewe. Akashika jingine, si wenyewe. Tope ni tope, wanangu, likishalowa halikumbuki lilikuwa nini. Akakaa palepale mvuani, akaita jina la mumewe mpaka sauti ikakauka.

Kuku hakuwa na habari ya kilio. Ukuta ulipoanguka, njia zote za mchwa zilibaki wazi, na mchwa wenyewe wameshiba, hawawezi kukimbia. Kuku akala. Akaita wenzake, wakala. Wakaparua hadi chini ya baraza, wakamfikia Malkia, mnene, mweupe, hana miguu ya kumfaa kitu.

"Sikudhani, binti yangu," akasema Malkia, "mzuie kuku wako, nami nitakupa habari za mumeo."

Sikudhani akamzuia kuku kwa mkono. Malkia akamweleza yote: mzigo wa chumvi, hodi tatu, na maneno aliyomjibu. Alimweleza kwa kujivuna kidogo, kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Akamaliza kwa kusema kwamba hakumfukuza. Yeye alisema neno moja tu, mengine Shekue aliyaona mwenyewe kwenye nyumba.

Sikudhani akauondoa mkono wake, na kuku akamaliza kazi.

Mvua ilipokata, alikwenda kwa wenzake akapiga magoti akawaomba. Hawakumsimanga, isipokuwa mmoja ambaye hakosekani popote, naye alisimanga huku anachimba udongo. Walikata fito mpya, wakasimamisha ukuta. Wakafyeka nyasi, wakazibua mfereji, wakaliziba baraza. Wakakandika mbele, nyuma na ubavuni, bila kuruka hata pa ungo. Ukakauka, wakapaka udongo mweupe.

Jioni ile Sikudhani alipoingia ndani, mkono wake ulikwenda wenyewe kando ya mlango kama ulivyozoea. Ukakuta udongo laini, mkavu, hauna kitu. Hapo ndipo alipojua ametengana na Shekue kweli.

Lakini kila mwaka alikandika. Kila asubuhi alifagia. Na Mbayuwayu alirudi kwenye upenu wake. Kiangazi kilipokaribia, Sikudhani akamweleza yote aliyoyasema Malkia, kisha akamwambia, "Shoga, huko uendako ukimwona Shekue, mwambie nyumba ni nyeupe."

Mbayuwayu akaruka, akatafuta, hakumwona. Akarudi, akaruka tena, hakumwona, mpaka akazeeka. Ujumbe akauchukua binti yake. Binti naye akatafuta mpaka akazeeka, hakumwona. Ujumbe akauchukua mjukuu. Na Sikudhani kila mwaka anakandika, mvi zinamwingia, magoti yanalalamika, haachi.

Yule mjukuu ndiye aliyemwona. Shekue alikuwa nchi ya chumvi, anakaa kwenye baraza la watu, analala kwa watu, hakuoa. Siku ile alikuwa akiziba ukuta wa mwenye nyumba wake, kwa udongo wa nchi ile ambao haushiki vizuri.

"Mkeo anasema nyumba ni nyeupe," Mbayuwayu akamwambia.

Shekue akasema mkewe alihama, alisikia kwa masikio yake. Mbayuwayu akamwambia aliyemsikia alikuwa ni mchwa. Mkewe alikuwa mtoni anafua.

Shekue akaliweka chini lile bonge la udongo. Akabeba mzigo wa chumvi, hakumuaga hata mwenye nyumba.

Alipofika ng'ambo ya bonde akaangalia kilimani. Nyumba nyingi zilikuwa zimebadilika, miti imekua, vijana wamejenga. Moja ilikuwa nyeupe kuliko zote. Akakaa chini kwanza.

Akavuka, akapanda. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado ipo. Mwanamke mzee kidogo alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, anakandika chini ya upenu, udongo umemfika viwikoni. Shekue akapiga hodi.

Sikudhani hakugeuka upesi. Masikio yake yalikuwa yamemdanganya miaka mingi. Alipogeuka, akashuka pole pole, akasimama mbele yake. Walitazamana, kila mmoja akimtafuta yule aliyemjua.

"Niliwahi kufika hapa," Shekue akasema.

"Najua."

"Nilipiga hodi."

"Nilikuwa mtoni."

Shekue akautua mzigo, akakunja mikono ya nguo yake, akachota udongo kwenye kikapu, akaanza kukandika chini karibu na msingi, mahali ambapo Sikudhani siku hizi kuinama kulikuwa kunamwumiza mgongo.

Walikaa pamoja tena, wakazeeka pamoja. Walikuwa na furaha, sitawadanganya. Lakini watoto hawakupata, umri ulikuwa umepita. Na mara nyingine, wakiwa wamekaa barazani wanakula, mmoja wao aliliacha tonge lake ghafla, na mwenzake akajua anafikiria nini. Udongo hurudishwa ukutani, lakini miaka ile hakuna aliyewarudishia.

Basi mmesikia wenyewe. Ukimngoja mtu umpendaye, usikae kuchunga alama aliyoiacha nyuma. Tunza mahali atakapofikia. Nyumba yako kwa nje inasema kwa niaba yako siku ambayo wewe umekwenda mtoni. Na anayekuambia acha, acha, acha, kwa sauti tamu, mtazame kwanza anakula nini.

Hapa ndipo ninapoitua hadithi yangu. Tamu yake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi, na anayetaka kunibishia aende kwanza akafagie mbele ya kwao.